Kigingi cha Kampuni

Shule ya Wasichana, Mbulu
10 Februari 2019

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba unifikishie shikamoo kwa Bibi, na kwa Baba kama amerudi na ng'ombe kutoka bondeni. Mimi ni mzima. Kidato cha tatu ni kigumu kuliko nilivyodhani, hasa fizikia, lakini nimepata kiti karibu na dirisha, na ukungu ukiondoka asubuhi naona mashamba mpaka mbali. Baridi ni ileile. Wasichana wa Babati hulia wakioga, sisi wa Hanang tunawacheka, kisha tunaenda kulia wenyewe.

Kornelia anaendeleaje na hesabu? Mwambie asiache yale masomo ya kwenye simu, ya katuni ya sungura. Nilimwacha amefika kwenye kugawanya sehemu. Akimaliza kazi za jioni mpe simu nusu saa. Ana miaka kumi tu na tayari anakokotoa haraka kuliko mimi. Nataka siku moja naye asome hapa, alale kitanda kilicho jirani na changu.

Msisahau kwamba barua zote hapa husomwa na Sista Mlezi. Mkiandika jambo la kuchekesha, yeye ndiye atacheka kwanza.

Binti yako,
Sara

*

Hirbadaw, kupitia Parokia, Katesh
3 Machi 2019

Mwanangu Sara,

Marahaba. Bibi anaitikia pia. Baba yako bado yuko bondeni na ng'ombe, na sasa hatuwezi hata kumpigia. Nitakueleza kwa nini.

Kornelia hayuko sawa. Wiki iliyopita nilikuwa nimemaliza kukamua, yeye ameshika simu. Nikasikia kitu kimetumbukia. Kugeuka, simu iko ndani ya ndoo ya maziwa. Haikumponyoka, Sara. Alikuwa ameikandamiza chini kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayezamisha panya.

Unajua nyumba hii inavyoheshimu maziwa. Niliinua mkono nimchape. Bibi akaushika. Akasema, "Gaudensia, mtoto aliyekulia zizini hamwagi maziwa hivihivi. Muulize kwanza." Nimemuuliza, hajibu. Haendi tena kuchunga ndama na wenzake. Mdogo wangu alipokuja kutusalimia, Kornelia alijifunika shuka mpaka mjomba wa watu akaondoka. Shuleni anaenda, lakini mwalimu anasema anatazama miguu yake siku nzima.

Usilie, soma. Nimekuandikia kwa sababu Kornelia hukusikiliza wewe kuliko sisi sote.

Mama yako,
Gaudensia

*

Mbulu
17 Machi 2019

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Mpelekeni zahanati apimwe malaria, maana malaria ikipanda mtoto hubadilika. Au labda wenzake shuleni wanamcheka kwa kuwa Bibi anavaa ngozi na bangili, kama walivyonicheka mimi nikiwa darasa la tatu. Muulize hilo taratibu.

Simu ikikauka na kuwaka, msimnyime masomo yake. Mwambie dada amesema asiache. Sungura atamchangamsha.

Sara

*

Hirbadaw
31 Machi 2019

Sara mwanangu,

Si malaria. Heri ingekuwa malaria.

Bibi alimchukua siku tatu mfululizo kukata majani ya ndama, hakumuuliza neno. Siku ya nne mtoto akasema mwenyewe. Katuni ya sungura ilipoisha, picha nyingine zilikuja zenyewe. Watu wazima wasio na nguo, wanafanyiana mambo ambayo sitayaandika. Alibonyeza ziondoke, zikaja zaidi. Kesho yake aliogopa kufungua, lakini akafungua kwa sababu ulikuwa umemwambia asiache. Zikaja tena. Alidhani yeye ndiye amekosea kubonyeza, na kwamba sisi sote tukimtazama tunaziona usoni pake. Ndiyo maana ya lile shuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kumfikiria vibaya mdogo wangu mwenyewe.

Bibi hakukaa na jambo hili. Aliita wanawake. Mimi niliyeolewa hapa kutoka kwetu Uiraqw, bado nashangaa kila mara: mwanaume akiwakosea wanawake au mtoto wa kike, wanawake wa Kibarabaig wanakutana peke yao, wanaume wote hata wazee wanakaa mbali, na faini ni ng'ombe mweusi na asali. Hakuna mwanaume anayeipindua hukumu hiyo.

Wamemhukumu Gervasi, yule wa kibanda cha simu Katesh. Ndiye aliyetuuzia simu, na kila mtu anajua kwamba kilichomo kwenye simu za huku amekiingiza Gervasi. Ukitaka kwaya unampelekea kadi anaingiza. Ukitaka mahubiri anaingiza. Walimwita akaja amevaa koti la Jumapili. Akasema, "Mama zangu, mimi ninaingiza kwaya na mahubiri, na mwaka jana filamu moja ya mapigano." Mwanamke mmoja akamjibu, "Ulianza na mapigano, ukaona hayatoshi." Wakacheka, lakini hawakumwachia.

Ng'ombe mweusi aliye naye ni mmoja tu, yule maksai anayelimia na mwenzake mwekundu. Amepewa mpaka baada ya Pasaka. Angeweza kukataa, yeye ni Mwiraqw wa kijiji cha Mogitu, mila hii si yake. Lakini akikataa hakuna mwanamke wa huku atakayekanyaga kibandani kwake, na laana watakayomtamkia anaiogopa kuliko njaa.

Mama

*

Mbulu
7 Aprili 2019

Mama,

Shikamoo. Tafadhali, maksai wa Gervasi asichukuliwe kwanza. Mwambie Bibi nimeomba kwa magoti.

Gervasi hakuingiza kitu. Yale masomo ya sungura yanatoka kwenye programu inayoitwa Kandili, na Kandili ni ya kampuni. Kampuni ndiyo inayoamua video gani ifuate baada ya nyingine. Nimemweleza Mwalimu Herman, anayetufundisha Uraia. Akasema, "Sara, mwenye jukwaa anawajibika kwa kinachopanda jukwaani." Ameniruhusu niwaandikie, naye ataituma kwa barua pepe kutoka ofisini.

Nipe muda. Kuna mengine nitakueleza.

Mkumbatie Kornelia. Mwambie hakuna kitu usoni pake.

Sara

*

Mbulu, Manyara, Tanzania
8 Aprili 2019

Kwa Mkurugenzi, Kampuni ya Kandili

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mdogo wangu ana miaka kumi. Akaunti ni ya simu ya nyumbani kwetu, na namba yake nimeiambatanisha. Alikuwa akitazama kwenye programu yenu masomo ya hesabu yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Baada ya somo, programu yenu ilimwonyesha picha za ngono. Hakuzitafuta. Hajui hata neno la kuzitafutia.

Naomba kuuliza maswali machache. Mnajuaje kwamba anayetazama ni mtu mzima? Kwa nini video ya aina hiyo inafuata katuni ya sungura? Je, mna mtu anayejua Kiswahili ambaye kazi yake ni kutazama mnachowaletea watoto wanaosema Kiswahili? Anaitwa nani?

Kwetu kuna mtu atanyang'anywa maksai kwa jambo lililotoka kwenu. Bila maksai huyo halimi mwaka huu. Naomba mjibu upesi na mseme wazi kwamba kosa si lake.

Wako mtiifu,
Sara Nikolausi

*

KANDILI
24 Aprili 2019

Mpendwa Mtumiaji,

Asante kwa kuwasiliana nasi. Usalama wa watumiaji wetu ni jambo tunalolipa kipaumbele.

Tumepitia akaunti uliyoitaja. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa tarehe 6 Januari 2019, saa 10:12 jioni, mtumiaji alithibitisha kuwa ametimiza umri wa miaka 18 na kukubali masharti yote. Kwa hiyo maudhui yalionyeshwa kwa mujibu wa masharti hayo. Tunawashauri wazazi kusimamia matumizi ya watoto wao.

Je, jibu hili limekusaidia? Bonyeza NDIYO au HAPANA.

Timu ya Huduma kwa Watumiaji

*

Hirbadaw
28 Aprili 2019

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe saba imenifikia jana. Kondakta aliisahau ndani ya basi, ikaenda Singida na kurudi, Pasaka ikapita.

Maksai amekwisha kuja. Gervasi alimleta mwenyewe Jumatano, akamfunga zizini kwa Bibi, akaweka dumu la asali chini, akaondoka bila kuaga. Wanawake watakutana tena Jumamosi ya tarehe 18 Mei, na siku hiyo maksai atachinjwa. Mvua inanyesha vizuri, Mogitu wote wanalima, Gervasi anamtazama yule mwekundu amesimama peke yake.

Kilichonishangaza ni Kornelia. Tulidhani atafurahi. Badala yake anampelekea maksai majani na kukaa karibu naye. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, huyu naye hajafanya kitu."

Bibi anasema, kama unajua neno, lete neno. Wanawake hawawezi kumrudishia mtu ng'ombe kwa sababu msichana wa sekondari amepiga magoti huko Mbulu.

Mama

*

Mbulu
5 Mei 2019

Mama,

Shikamoo. Barua hii naomba uisome mbele ya kikao. Yote, usiruke mstari.

Jumapili ya tarehe sita Januari, tulipotoka kanisani Katesh, niliingia kibandani kwa Gervasi kutumia intaneti yake. Yeye alikuwa anamhudumia mtu mwingine, hakuishika simu yetu. Mimi ndiye niliyeiweka Kandili. Iliuliza, "Je, una umri wa miaka 18 au zaidi?" Kulikuwa na vitufe viwili. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilibonyeza NDIYO. Nilijua ni uongo, lakini niliona ni uongo mdogo, kama kusema umekula ili usimsumbue mwenyeji. Nilitaka masomo ya hesabu kwa ajili ya Kornelia. Kisha nikamkabidhi simu iliyoambiwa kwamba yeye ni mtu mzima.

Uliponiandikia kuhusu picha nilijua siku ileile. Nikaandika juu ya kampuni, sikuandika juu ya kidole changu. Niliogopa Sista ataisoma na nitafukuzwa. Niliogopa Baba. Zaidi niliogopa Kornelia atajua kwamba aliyemwambia "usiache" ndiye aliyefungua mlango. Gervasi amepoteza maksai wake kwa sababu ya woga wangu wa wiki tano.

Jibu la kampuni nimelifunga humu. Mtaona wana saa na dakika ya uongo wangu, ila hawana jina la mtu.

Faini iwe yangu. Sina ng'ombe. Baba amenitengea mtamba mmoja kwa ajili ya siku nitakayoolewa. Mchukueni huyo, ingawa si mweusi.

Nimempelekea Sista barua hii kama kawaida. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha aliifunga bahasha kwa mkono wake, na kwa mara ya kwanza ameipeleka stendi yeye mwenyewe.

Sara

*

Hirbadaw
19 Mei 2019

Sara mwanangu,

Naandika Jumapili, siku moja baada ya kikao.

Nilisoma mbele yao yote, sikuruka mstari. Nilipomaliza nilimsikia maksai akicheua. Gervasi, waliyemwita asubuhi, alikuwa amekaa mbali na wanaume wengine, hakusikia, aliona tu wanawake wanageuka kumtazama, akasimama tayari kukimbia.

Kisha nikasoma la kampuni. Bibi akaniuliza, "Nani ameandika?" Nikasema, timu. "Timu ni mtoto wa nani?" Nikasema haina jina, Mama. Akaniambia nisome tena pale pa vitufe. Nikasoma. Ndipo akasimama, na unajua magoti yake, husimama kwa nadra.

Akasema, "Mjukuu wangu amesema uongo, na amekuja na uongo wake mkononi. Huyo nimemwona. Sasa nitazameni mimi. Mtu akija kutaka dume langu, simuulizi 'wewe ni mtu mzima?' akajibu ndiyo nikampa kamba. Ninamtazama uso. Ninamuuliza baba yake. Hawa wana mali inayoumiza watoto, wakaweka kizuizi ambacho mtoto anakivuka kwa kidole kimoja, na yeye alikuwa anatafuta hesabu! Halafu wanajua hata saa aliyovuka. Mtu anayejua saa mtoto wako alipoingia kwake, kwa nini hakumrudisha?"

Hapo wanawake waliguna wote kwa pamoja.

Hukumu ni hii. Maksai arudi kwa Gervasi. Na kwa kuwa alipoteza wiki tatu za mvua, wanawake wote waliomhukumu waende wakamlimie kwa jembe la mkono mpaka amalize. Tunaanza kesho, Bibi pia, ingawa atakuwa wa kukaa kivulini na kutukosoa.

Wewe mtamba wako hakuchukuliwa. Faini yako ni kumwambia Kornelia kwa maneno yako, si kwa maneno yangu. Na likizo utaleta asali, uitafute mwenyewe.

Kampuni imehukumiwa ng'ombe mweusi mmoja na asali. Mmoja akauliza tutawapataje watu wasio na zizi. Bibi akasema kudaiwa hakuhitaji zizi. Tumeandika barua, mimi ndiye mwandishi, na imewekwa alama za vidole gumba arobaini na tatu. Mwambie Mwalimu Herman aipeleke kwa kampuni na kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano. Nimeiambatanisha. Usisahihishe kitu, Bibi amekataza.

Kornelia nimempeleka dawati la jinsia na watoto, kituoni Katesh. Askari wa kike alizungumza naye mlango ukiwa wazi, nami nikimwona. Tutarudi kila wiki.

Mama yako

*

(Barua iliyoambatanishwa)

Kwa wenye Kandili,

Sisi ni wanawake wa Hirbadaw. Mmemwonyesha mtoto wetu wa miaka kumi mambo ambayo hata sisi hatuyatazami. Mnasema dada yake alibonyeza. Tunajua, yeye ametuambia. Nyinyi hamjatuambia chochote.

Tunataka video za watoto zisifuatwe na uchafu. Tunataka mjue mtoto kwa njia nyingine, si kwa kumuuliza. Tunataka mtu mwenye jina atujibu. Mnadaiwa ng'ombe mweusi na asali. Hatuna haraka, lakini hatusahau.

(Alama za vidole 43)

*

Mbulu
26 Mei 2019

Mdogo wangu Kornelia,

Barua hii ni yako peke yako. Mama amekubali usiisome kwa sauti.

Simu ile iliniuliza kama mimi ni mtu mzima. Nilidanganya. Kwa sababu hiyo ilidhani wewe ni mtu mzima, ikakuletea vile ulivyoviona. Wewe hukubonyeza vibaya. Ungebonyeza popote zingekuja. Kisha nikakuambia usiache, nawe ukanitii ukiwa unaogopa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Siku nyingine mimi au mtu yeyote akikuambia uendelee na kitu kinachokutisha, usimtii. Tumbukiza kwenye maziwa.

Mwalimu Herman alituma barua ya akina mama pande zote mbili. Mamlaka imejibu kwamba imeipokea, inafungua jalada, na inataka tarehe zote. Nimeziandika, na ya kwanza ni sita Januari. Kampuni nayo imejibu tena juzi. Inasema masomo ya sungura yametengwa sehemu isiyo na video nyingine yoyote, na kwamba lile swali la umri "linaangaliwa upya". Sijui kama ni kweli. Mwalimu anasema tutahakikisha kila mwezi, na kila mwezi tutaandika. Lakini safari hii chini ya barua kuna jina. Anaitwa Patriki. Anasema alikulia kwenye nyumba ya wafugaji wa ng'ombe, na kwamba aliona alama zile arobaini na tatu akazihesabu.

Huna haja ya kunijibu. Huna haja hata ya kunisamehe sasa hivi.

Dada yako,
Sara

*

Hirbadaw
2 Juni 2019

Dada Sara,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua nimeisoma peke yangu kwenye majani ya ndama.

Nilikukasirikia siku mbili. Leo ni ya tatu, nimechoka.

Mama na wenzake wamemaliza shamba la Gervasi. Bibi aliwaambia mistari yao imepinda kama njia ya mbuzi. Gervasi amempa maksai wake jina jipya. Anamwita Kampuni. Akilima anapiga kelele, "Kampuni, vuta! Kampuni, usinidanganye!" Watu wa Mogitu wanakuja kusikiliza. Mjomba alikuja pia na sikujifunika.

Bibi amechimbia kigingi kipya zizini, karibu na mlango. Nikamuuliza cha ng'ombe gani, maana wote wana vigingi. Akasema, "Cha yule mweusi wa Kandili." Nikamwambia, Bibi, hawataleta. Akasema, "Labda. Lakini kila mtu atakayeingia hapa ataniuliza kigingi hiki ni cha nini, nami nitamwambia." Mpaka jana wameshauliza watu tisa. Mwenyekiti wa kijiji ameuliza, na padri.

Asubuhi nikibeba maziwa ninapita hapo. Sijamwaga hata mara moja.

Ukija na asali nitakuonyesha. Na uje na maswali ya kugawanya sehemu, ya kwenye karatasi.

Mdogo wako,
Kornelia